Barua ya Wazi kwa Jopo Lililotaka Nimtaje wa Mwisho

Mpanda, Katavi.

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Jopo la Usaili,

YAH: SAFU YA MWISHO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule msailiwa mliyemwambia, "Tupe safu mlalo ya mwisho ya jedwali la wakulima, ila usipange data." Nikauliza, ya mwisho kwa kigezo gani? Mkatazamana. Mmoja akatabasamu kwa huruma, kalamu ikashuka kwenye karatasi. Sikati rufaa. Nashukuru tu kwa kuponywa elimu niliyokuja nayo.

Mwaka 1970 Mwingereza Edgar Codd, akiwa IBM kule California, alichapisha makala iliyozaa kanzidata tunazotumia leo, na humo akasema mpangilio wa safu mlalo hauna maana. Masikini, hakuwahi kukaa mbele yenu.

Tuje nyumbani. Kiangazi, maji ya Mto Katuma yakipungua, viboko hubanana kwa mamia kwenye dimbwi moja la matope. Wa mwisho ni yupi? Mzee kuliko wote? Mwembamba? Aliyeingia jana? Askari wa hifadhi atawauliza swali lile lile langu, wala hamtasema hajui viboko. Au mtasema jedwali ni treni ya Kaliua, lina behewa la mwisho. Haya. Lakini reli inaishia hapa Mpanda. Kichwa kikifungwa upande wa pili kwa safari ya kurudi, behewa lenu la mwisho ndilo linalotangulia.

Najua jibu lenu mlilitoa wapi. Mliingiza wakulima watano wa majaribio, mkawaita, wakatoka kama walivyoingia. Basi, sheria ikapatikana. Sasa mkulima wa tatu abadilishe namba ya simu. Kwenye kanzidata ya PostgreSQL badiliko huandikwa kama nakala mpya palipo na nafasi, ya zamani ikabaki kusubiri kufagiwa. Mkiita tena, wa tatu huyo huenda akaibukia mkiani. Wengine wakifutwa na pakafagiwa, mgeni wa leo anaweza kupewa kiti katikati ya wazee. MySQL nayo mara nyingi huwatoa kwa namba zao za utambulisho, mpaka siku itakapoona faharasa nyingine ina njia fupi. Na hapo hakuna iliyokosea. Hamkuiambia iwapange kwa kigezo gani, nayo haikuwaahidi kitu.

Jana nimepita ofisini kwenu. Ubaoni mmebandika majina, na chini yake mmeandika kwamba wanaoitwa kazini ni kumi wa kwanza. Sikuona alama, sikuona tarehe ya maombi, hata alfabeti haikufuatwa. Nimesimama pale kitambo, nikakumbuka swali langu.

Naomba kuwasilisha.

Msailiwa wenu wa mwisho,
au wa kwanza, kutegemea mmeuanzia wapi ubao.