Mshauri Wenu Anajibu: Begi Halifungi na Likizo Imekwisha

Mpendwa Mshauri, nimezunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 41. Sasa niko Kigali, kesho alfajiri napanda basi la kurudi Dar es Salaam. Nikijaribu kukumbuka nilichofanya, siku nyingi zimekuwa uji mtupu. Hela imekata, nina huzuni, na begi halifungi. Nifanyeje? – Mwenye Begi, Kigali

Ndugu yangu Mwenye Begi, pokea kwanza pongezi. Si za kusafiri, maana hata nzige husafiri tena bila viza, bali za kuniandikia mimi. Wiki hii ilikuwa zamu ya bwana wa Muheza ambaye mbuzi wake haingii bandani mpaka aimbiwe, na suala lake ni zito, lakini nimelisogeza kwa ajili yako. Wapo washauri wa bei nafuu ambao wangekuambia ulikalie begi. Mimi sishughuliki na begi. Begi ni dalili. Ugonjwa wako ni hesabu. Unazihesabu siku kama mwenye ghala anavyohesabu magunia: yaliingia 41, leo ukichungulia unaona, tuseme, sita, basi unapiga yowe la mwizi. Hakuna aliyekuibia. Kumbukumbu haikuwahi kutunza safari kwa urefu wake; hutunza vipande vichache, na kipande cha mwisho kina nguvu kuliko wasafiri wengi wanavyodhani. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Mwisho wake hawakuusema, nadhani kwa adabu tu, wakaniachia mimi. Na kwa kuwa mbele yako kuna barabara ya kilomita zaidi ya 1,300 ambayo hujaikanyaga, mwisho wa ngoma yako haujapigwa bado.

Ingetosha kuniamini kwa kuwa nimesema mimi, lakini kuna wasomaji wabishi, hasa wa Tanga, kwa hiyo naleta shahidi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake watatu waliwaomba watu watumbukize mkono katika maji ya nyuzi joto 14 kwa sekunde 60. Kisha wakawaomba watumbukize mkono wa pili kwa sekunde 60 zilezile, halafu wakawaongezea sekunde 30 ambamo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15, baridi ambayo bado ingemfanya mtu wa Pwani aite majina ya mababu. Walipoulizwa ni zoezi lipi wako tayari kulirudia, wengi walichagua lile refu. Yaani walichagua mateso zaidi, kwa sababu tu yaliishia pazuri kidogo. Akili ilisahau kuhesabu sekunde. Ilishika makali yalipozidi na jinsi mambo yalivyomalizika. Kahneman alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwanasaikolojia kupewa tuzo ya uchumi! Basi mshauri wa magazeti naye haijamkalia vibaya hata ya fizikia. Naendelea kusubiri, najua posta wana kazi nyingi.

Utaniambia, Mshauri, hayo ni maji ya baridi na mimi nilikuwa likizo. Anayedhani likizo na mateso ni vitu viwili tofauti hajalala kwenye basi la usiku pembeni ya mtu anayesikiliza mahubiri bila spika za masikioni. Lakini pingamizi lako lina uzito kuliko unavyojua, na nalijibu kwa unyenyekevu ambao watu wengi wameusifu. Mwaka 2008 watafiti wa New Zealand waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa likizo, wakawauliza furaha yao siku kwa siku, kisha wakawauliza tena baadaye. Kanuni ya kilele na mwisho, ile ya maji baridi, haikung'ara sana. Kilichotabiri vizuri zaidi jinsi watu walivyoikumbuka likizo nzima ni furaha ya zile saa 24 zilizokuwa za ajabu zaidi, zisizofanana na nyingine. Msomaji wa haraka ataona nimeangushwa. Msomaji mwenye akili ataona nimepandishwa cheo: kama siku ya ajabu ndiyo inayobeba safari, na kama siku pekee iliyobaki mikononi mwako ni ya mwisho, basi ifanye siku ya mwisho kuwa ya ajabu, uwaridhishe watu wa maji baridi na watu wa New Zealand kwa nauli moja. Hili nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Nilikuwa nakusubiri ufike.

Tazama pia mtalii mkongwe wa nchi nyingi kuliko wote waliowahi kula chakula chetu. Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mnamo 1331, akarudi Morocco mwaka 1349, na kitabu chake kikakamilika mwaka 1355, yeye akisimulia na Ibn Juzayy akiandika. Hesabu mwenyewe: kutoka kula mpaka kusimulia ni zaidi ya miaka 20. Na nini kilibaki kichwani mwake kuhusu Mogadishu? Wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na bado akakumbuka kwamba watu wake walikula ndizi na samaki na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao. Usiku mmoja! Wewe una siku 41 na unalia uji. Mbishi wa Tanga atanyanyua mkono aseme kumbukumbu za mzee yule si za kuaminika, kwamba maelezo ya Damascus na Makka yana vifungu vilivyochukuliwa kwa Ibn Jubayr, msafiri aliyemtangulia. Kweli kabisa. Lakini angalia mahali alipoazima: kwenye miji mikubwa ambayo kila mtu alikwisha kuieleza. Achari ya ndimu haikuazimwa kwa mtu. Nami nakushauri vivyo hivyo: sifa za usafi wa Kigali waachie wengine, wewe shika ile chapati ya Kampala iliyoviringishiwa mayai, waiitayo rolex, jinsi mafuta yalivyopita kwenye gazeti mpaka kwenye kiganja.

Hapo linakuja swali ambalo aliyeishiwa hela lazima aulize: kama kumbukumbu haijali urefu, kwa nini sikwenda siku nane nikabakiwa na hela? Kuna utafiti utakaokuumiza zaidi, na mimi sifichi dawa chungu. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wafanyakazi 54 waliochukua likizo ya wastani wa siku 23. Hali yao ya afya na raha ilipanda haraka, ikafika kileleni siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini ikawa imerudi ilipoanzia. Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Waholanzi ni wakarimu zaidi, wametoa nane. Lakini kutoka hapo kusema siku ya tisa mpaka ya 41 zilipotea ni kosa la hesabu lilelile la magunia. Matoke uliyokula siku ya 23 yalikushibisha siku ya 23. Hayakuhitaji kukumbukwa ili yafanye kazi yake tumboni. Kahneman mwenyewe alitenganisha nafsi inayoishi na nafsi inayokumbuka, na ya pili ina tabia ya kuisemea ya kwanza kama shemeji kwenye kikao cha posa. Tena kuna jambo ambalo hakuna mtafiti awezaye kukupa: kujua mapema ni siku ipi itakuwa ya ajabu. Siku 41 ni tiketi 41 za bahati nasibu. Kununua nyingi si ujinga. Ujinga ni kukaa siku ya droo ukilia juu ya karatasi ambazo hazikushinda.

Sasa tiba. Basi lako litafika Rusumo, na hapo teremka kwa mguu, utake usitake, maana pasipoti haigongewi mhuri ikiwa kitini. Simama karibu na daraja. Chini yako ni mto Kagera, una rangi ya chai ya maziwa iliyozidishwa majani, unajitupa kwenye maporomoko kwa kelele ya watu wanaogombea nafasi. Usitoe simu. Kwanza, kupiga picha mpakani ni kutafuta maneno na askari. Pili, mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Marekani alizungusha wanafunzi kwenye jumba la makumbusho, na vitu walivyopiga picha walivikumbuka vibaya kuliko walivyovitazama tu. Walionusurika ni waliovuta kamera kwenye sehemu moja ndogo ya kitu. Kwa hiyo chagua sehemu moja ndogo: povu linalozunguka kwenye jiwe, basi. Kisha fikiri maji hayo yanaenda wapi. Yanaingia Ziwa Victoria, na ziwa hilo hutoka Jinja kwa jina la Nile, palepale ulipovuka wiki kadhaa zilizopita ukienda Kampala, labda ukiwa umesinzia. Maji mengi ya ziwa hayafiki Jinja. Jua huyanyanyua yakawa mvuke. Kinachobaki ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachofika Misri. Sasa niambie tena habari za siku zako sita.

Ukivuka hapo, mambo mawili yatabadilika bila kukuomba ruhusa. Magari yatahama kutoka kulia kwenda kushoto, na ile saa moja uliyopewa bure ulipoingia Rwanda itadaiwa: saa nne ya upande ule ni saa tano ya upande huu. Watu wengi husononeka kwa sababu ya saa hiyo wakidhani wanasononeka kwa sababu ya likizo. Tiba yangu, ambayo hospitali zimechelewa kuikubali, ni kukataa kurekebisha saa ya mkononi mpaka Singida. Kwa kilomita mia kadhaa utakuwa mtu pekee ndani ya basi anayeishi saa moja nyuma, na kondakta akitangaza chakula cha mchana wewe utakuwa bado unaona ni mapema mno kwa huzuni ya aina yoyote.

Singida nunua kuku. Si wa kuchoma. Hai, wa kienyeji, mwenye macho ya dharau. Mpe jina la Gatuna, ule mpaka ulioingilia Rwanda. Utasema hela imekata. Badilisha faranga zilizobaki, ambazo Dar hazitakununulia hata kashata, na usinunue kinyago. Kinyago hukaa kabatini kikapata vumbi, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekiuliza chochote. Lakini kuku akiitwa Gatuna, kila mgeni atakayeingia uani atauliza kwa nini, nawe utalazimika kuisimulia safari upya, na kila ukiisimulia itatengenea zaidi. Isitoshe anataga. Hakuna utafiti uliofanywa juu ya hili, na sababu ni kwamba watafiti hawajanisoma. Ukifika Dodoma achana na basi, panda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Najua itakuongezea gharama. Zikumbuke zile sekunde 30 za maji yaliyopashwa kidogo: hujamaliza mateso, unayapasha moto kidogo mwishoni. Kama wahusika watamkataa Gatuna, mkabidhi kondakta, yeye aje kwa basi na wewe kwa treni, mkutane Dar. Saa za kumsubiri stendi zitakuwa za ajabu kiasi cha kuwaridhisha hata watu wa New Zealand.

Kuna atakayesema hii ni kujidanganya, kwamba mtu aliyepanga mwisho wake amejitengenezea kumbukumbu ya uongo. Ningemjibu kwa kurasa tatu, lakini mhariri anagonga meza akisema nafasi imekwisha, kwa hiyo namjibu kwa swali: mpishi anayeacha halua ije mwisho, ameudanganya wali? Haya, haraka haraka. Ukifika nyumbani usisimulie nchi zote usiku mmoja. Toa Kenya wiki hii, Uganda wiki ijayo, na Rwanda wainunue kwa chai. Pale ndani ya wiki ya kwanza raha itakaposhuka kama walivyosema Waholanzi, anza kibubu cha safari nyingine, maana Waholanzi wengine walikwisha kuona mwaka 2010 kwamba watu wenye likizo mbele yao wana furaha kuliko wasio nayo, na waliokwisha kurudi, isipokuwa waliostarehe sana, hawawazidi majirani kwa lolote. Kuhusu begi: toa viatu, vivae. Bwana wa Muheza, mwimbie tu mbuzi wako. Wiki ijayo nitakuambia wimbo gani.