Namna ya Kuanzisha Koloni na Kuipoteza kwa Miezi Saba

Koloni huanzishwa vizuri zaidi nchi ikiwa na njaa, maana aliyeshiba haulizi meli inaondoka lini. Scotland ya miaka ya 1690 ilifaa sana: mavuno yalikataa mwaka hadi mwaka, na milango ya biashara ya ng'ambo ilishikwa na Waingereza. Hapo mtafute William Paterson, yule aliyebuni Benki ya England iliyofunguliwa 1694. Atakueleza kwamba atakayekalia Darien, kwenye shingo ya nchi ya Panama, bahari moja kushoto na nyingine kulia, atatoza ushuru dunia nzima. Tumtendee haki: wazo halikuwa la kijinga, na mfereji uliofunguliwa huko mwaka 1914 ni shahidi. Ila wazo zuri halifukuzi mbu.

Changisha pauni 400,000. Matajiri wa London wakijitoa kwa vitisho vya Kampuni ya India Mashariki, usihuzunike. Tangaza kwamba sasa ni suala la heshima ya taifa. Kwa heshima watu hutoa hata akiba ya mazishi.

Kwenda kukagua eneo ni kupoteza fedha. Yupo tabibu wa maharamia, Lionel Wafer, aliyeungua goti kwa baruti mwaka 1681, wenzake wakamwacha, naye akauguzwa na wenyeji wa Darien, Waguna. Anaisifia nchi hiyo kweli kweli. Usimuulize nani alikuwa akimlisha.

Sasa mizigo, na hapa usifanye ubahili. Pakia wigi. Pakia soksi za sufu, mablanketi mazito, viatu, Biblia za Kiingereza kwa mamia, na vitana vya mbao na vya pembe, kwa wingi. Ndiyo, unakwenda kwenye msitu wa tropiki ambako shati la kawaida tu ni adhabu. Lakini bidhaa hizi zinatengenezwa nyumbani, na lazima yuko mtu anayezihitaji. Chakula kikipungua ghalani kwa sababu wigi zimechukua nafasi, hilo litajulikana mkiwa mbali na haliwezi kurekebishwa.

Ondokeni Leith Julai 1698, meli tano, watu kama 1,200. Wasiambiwe waendako. Maagizo yafungwe kwa lakiri yafunguliwe baharini, abiria wakiwa hawana pa kushukia. Kuhusu uongozi, teua madiwani saba wasioelewana, na mwenyekiti abadilishwe kila wiki. Kwa mpango huu anayeanza jambo hatalimaliza, na anayefuata atatumia wiki yake kulifuta.

Mkifika, mwanzoni mwa Novemba, chagueni ghuba ambayo upepo unaingiza meli kwa hiari na kuzitoa kwa taabu. Jengeni mji kwenye kinamasi, muuite New Edinburgh, na baada ya wiki kadhaa mkubali kwamba ni kinamasi. Mizinga iwe mingi, majembe yapumzike. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huo ni ushauri wa watu ambao hawakuja na katiba.

Waguna watawapokea vizuri. Wana ugomvi wa muda mrefu na Wahispania na wanatafuta mshirika mwenye bunduki. Ninyi waonyesheni vitana. Watavitazama kwa adabu, kisha watarudi kwenye habari ya bunduki.

Mvua zikianza, homa nayo itaanza, na kuhara. Mke wa Paterson atazikwa huko. Biskuti zitakuwa na funza. Mfalme William, ambaye ni mfalme wenu pia, hataki kumuudhi Mhispania, kwa hiyo mwaka 1699 ataziamuru koloni za Kiingereza, Jamaika ikiwemo, zisiwauzie hata punje. Katikati ya haya yote ni muhimu kuandika barua nyumbani kwamba nchi ni neema tupu. Barua ya madiwani iliandikwa Desemba, na Edinburgh walipoipata waliwasha mioto ya furaha na kupiga kengele.

Juni 1699 kimbieni. Kati ya meli tano zilizotoka, Caledonia peke yake itarudi Scotland, na watu wasiofika 300.

Usidhani mwongozo umeishia hapo. Bingwa wa kweli hutuma msafara wa pili kabla ya kusikia habari sahihi za wa kwanza. Walifika mwishoni mwa Novemba 1699, wakiwa zaidi ya 1,000, wakakuta vibanda vilivyoungua na makaburi. Hawa walikuwa na angalau mtu mmoja wa kazi, Alexander Campbell wa Fonab, aliyewashinda Wahispania Februari 1700 huko Toubacanti akiwa na Waguna upande wake. Ushindi haukutibu homa. Mwezi uliofuata walizingirwa, wakasalimu amri, na Aprili wakaondoka. Waliokufa katika misafara yote miwili ni karibu 2,000.

Bado fedha. Mwaka 1707 Scotland iliungana na England, na England ikalipa pauni 398,085. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitengwa kwa ajili ya wenye hisa wa kampuni iliyotuma misafara hiyo: mtaji wao wote, pamoja na riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Kwa hiyo, msomaji, siku ukialikwa kwenye safari ya namna hii, chukua hisa. Meli mwachie mwingine.