Mguu wa Kuazima: Mwongozo wa Mtafiti Mgeni Rungwe

Kila kiangazi kinapoanza, basi la kutoka Mbeya huteremsha stendi ya Tukuyu, wilayani Rungwe, kijana mmoja mwenye begi jipya mgongoni, buti ambazo hazijaonja tope, na koti jeupe lililokunjwa vizuri kama nguo ya kipaimara. Huyo ni mtafiti. Utamtambua kwa namna anavyoitazama anga, kana kwamba kuna mahali alisoma kwamba kiangazi cha hapa ni kikavu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kiangazi chetu ni mvua iliyokwenda kupumzika, na haijasema itarudi saa ngapi.

Kwa kumhurumia kijana huyo na wenzake watakaomfuata, tumeandaa mwongozo huu. Ukiufuata hatua kwa hatua utarudi chuoni na shahada, na makala yenye jina lako mbele, na viatu ambavyo mama yako atakataa viingie ndani.

Vifaa vinavyohitajika

Hadubini moja. Penseli moja. Balbu moja ya kizamani, ile inayopata moto. Mwavuli. Mguu mmoja, wa mtu mwingine.

Balbu si ya kusomea. Iweke ndani ya kabati la hadubini na iwake humo, lenzi zisiote ukungu. Unyevu unaostawisha chai, ndizi na parachichi za Rungwe hauoni sababu ya kuibagua lenzi yako eti kwa kuwa imetoka Ujerumani. Na penseli usiidharau. Lebo iliyoandikwa kwa wino ikizama kwenye spiriti ya kuhifadhia wadudu, wino huaga, na wewe unabaki na vichupa kabati zima vya inzi wasio na kijiji. Habari za mguu tutazifikia.

Hatua ya 1: Kusanya mihuri

Vitabu vinasema sayansi huanza na swali. Hapa huanza na muhuri. Kibali cha utafiti utakipata Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Cha maadili utakipata Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kisha teremka ngazi taratibu: mkoa, wilaya, kata, kijiji, hadi ufike kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hana muhuri mkubwa lakini ana mbwa wawili.

Usinung'unike. Wote hao wa juu wamekuuliza utafanya nini. Mwenyekiti wa kitongoji, akishakukaribisha kigoda, atakuuliza jambo moja tu: "Hiyo damu mkishaitoa, mnaipeleka wapi?" Hilo ndilo swali ambalo kamati ya maadili ilikuuliza kwa kurasa nyingi, na wewe ukalijibu kwa kurasa nyingi zaidi. Sasa lijibu kwa sentensi moja. Ukishindwa, ujue fomu ulijaza lakini hukuielewa.

Hatua ya 2: Tafuta mto wenye haraka

Rungwe mito haihitaji kutafutwa. Kiwira na Mbaka, pamoja na vijito vyake, vyote vinakimbilia Ziwa Nyasa kama wanafunzi waliosikia kengele. Maji yaliyotulia ni ya mbu. Yanayokimbia juu ya mawe ni ya usubi, yule inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo. Viluwiluwi vyake hujishikiza kwenye mawe na majani ya mtoni, vikinasa chakula kinachopita na kuvuta hewa iliyoyeyuka majini.

Inzi huyu hubeba mnyoo aitwaye Onchocerca volvulus. Mnyoo mkubwa hujificha kwenye vinundu chini ya ngozi na kuishi humo miaka 10 au zaidi, huku jike likizaa vijinyoo kwa mamilioni. Vijinyoo hivyo ndivyo vinavyowasha mtu hadi akajikuna kwa gunzi. Vikizidi huacha miguu na madoadoa kama ya chui, na vikifika machoni huleta upofu. NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo hapahapa Tukuyu, na ugonjwa huu ni mwenyeji wake wa siku nyingi.

Zamani, ili kujua nani anao, mtaalamu alinyofoa kiunoni kipande cha ngozi kidogo kama punje ya ulezi, akakiloweka kwenye maji ya chumvi, akasubiri vijinyoo vitoke vyenyewe kuogelea mbele ya hadubini. Miongozo ilieleza kwamba kipimo hicho "hakina maumivu makubwa". Neno "makubwa" liliongezwa na aliyeshika kifaa.

Hatua ya 3: Azima mguu

Tumefika. Usubi jike anatafuta damu mchana kweupe, na mezani pake hasa ni mguu, chini ya goti. Basi mtu huketi kando ya mto, suruali imekunjwa hadi magotini, kichupa mkononi. Inzi akitua, kabla hajazamisha mdomo, hufunikwa. Watu hao hufanya kazi wawiliwawili kwa zamu za saa moja, tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mmoja ni chambo, mwingine anapumzika kuwa chambo.

Kwa nini wasikamatwe inzi watano tukamaliza? Kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka inzi wasiopungua 6,000 kutoka eneo la maambukizi, na wenye minyoo iliyo tayari kuambukiza wawe chini ya mmoja kati ya 2,000. Soma tena. Ili dunia ikubali kwamba ugonjwa umeondoka, lazima mtu atoe mguu wake mpaka wapatikane inzi 6,000 ambao karibu wote hawana kitu. Mvuvi akirudi mtupu tunampa pole. Huyu akirudi na inzi watupu tunampa hongera.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hatua hii ni mgeni njoo, mwenyeji adungwe, ila kwanza mpe dawa ya kinga na umweleze yote kabla hajaweka saini. Wewe mwenyewe kaa mbali, chini ya mwavuli. Umejipaka dawa ya kufukuza wadudu, na harufu yako inaharibu takwimu.

Hatua ya 4: Tenga vichwa na viwiliwili

Sasa unaruhusiwa kuvaa koti jeupe. Inzi wako wagandishwe kwa baridi kali, kisha watikiswe kwa nguvu. Vichwa vitadondoka. Wapitishe kwenye chujio: vichwa huku, viwiliwili kule. Profesa ataieleza hatua hii kwa michoro minne. Mama yeyote wa Rungwe aliyewahi kupepeta ulezi kwenye ungo atauliza tu, "Na makapi mnatupa?"

Unachukua vichwa kwa sababu mnyoo ulio tayari kuambukiza husogea karibu na mdomo wa inzi, usubiri mguu mwingine. Ulio kwenye kiwiliwili bado uko shuleni. Vichwa vya inzi mia au zaidi huingia kwenye kichupa kimoja, vinasaba hutolewa, na kipimo cha PCR husaka alama ya mnyoo. Kikionesha hakuna, umewapima wote mia kwa gharama ya mmoja. Ni hesabu ya mama lishe: ukionja mchuzi kijiko kimoja, umeonja sufuria.

Umeme ukikatika katikati ya kipimo, usilie. Andika kwa penseli saa uliyokatika, funga jokofu, na usilifungue kila dakika kuangalia kama bado lina baridi. Kulifungua ndiko kunakolipasha moto.

Hatua ya 5: Nyenyekea mbele ya fimbo

Ukishajisikia umekuwa mtu mkubwa kwa sababu ya PCR, nenda kamtazame mgawa dawa wa kijiji siku ya kingatiba. Ana dawa ya ivermectin, daftari na fimbo yenye alama. Mtu anasimama kando ya fimbo kama mwanafunzi anayepimiwa sare. Chini ya sentimita 90, hapewi kitu. Kuanzia sentimita 159, anameza vidonge 4. Hakuna mizani. Mzani ungebebwa mlima hadi mlima, ungetumbukia mtoni, ungedanganya kwa kutu. Fimbo haina betri.

Dawa yenyewe ilitokana na bakteria wa udongo uliochotwa Japani na kundi la Satoshi Ōmura. William Campbell na wenzake Marekani wakaonesha nguvu yake kwa minyoo, ikaanza kwa mifugo kabla ya kufika kwa wenye mifugo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure kwa ugonjwa huu, na mwaka 2015 wataalamu hao wawili walipata Tuzo ya Nobel. Ila inaua vijinyoo. Mnyoo mkubwa inauacha hai. Kwa hiyo watu hurudi kwenye fimbo mwaka hadi mwaka, wakisubiri mnyoo uzeeke. Hakuna maabara yenye subira kama hiyo.

Hatua ya 6: Ukikosa mguu, tumia pumzi

Wataalamu wenye aibu ya kukaa chini ya mwavuli waliunda mtego wa kitambaa cha bluu na nyeusi kule Mexico, wakauita Esperanza, yaani tumaini. Kitambaa kinapakwa gundi, kinapewa harufu ya jasho la binadamu na gesi ya kabonidayoksaidi, kwa sababu usubi humfuata anayepumua. Gesi hiyo unaweza kuichachua kwa hamira na sukari. Aliyewahi kupika pombe ya kimpumu atakuelekeza.

Au uliza mlimani. Volkano ya Kyejo ililipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800, lakini haijaacha kupumua. Kabonidayoksaidi hutoka ardhini Rungwe kwa wingi kiasi kwamba huvunwa na kuuzwa viwandani, na povu la soda uliyokunywa stendi huenda lilianzia huku. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni kama maji yasiyoonekana. Wenyeji wanayajua mashimo yasiyofaa kulaza mbuzi. Hawakutumia kifaa. Waliona ndege aliyekufa bila jeraha, wakaweka mpaka. Kabla hujashuka bondeni na kipimo chako cha dola nyingi, muulize mchunga ng'ombe kwa nini yeye anapita juu.

Hatua ya 7: Gundua kinachojulikana

Mtafiti bila ugunduzi ni sawa na harusi bila pilau. Njia ya haraka ni kugundua kitu ambacho wenyeji wanakifahamu tayari.

Mfano bora ni kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima huyo mwenye haya, mkia mrefu na nywele zilizosimama utosini, na wageni waliosikia walidhani labda ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Tim Davenport ilimwona kwenye misitu ya Mlima Rungwe na jirani yake. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la Science, akiwakilishwa na picha, kwani hakuna aliyekuwa tayari kumuua mnyama adimu ili kumthibitisha. Kisha mkulima mmoja akamkuta kipunji mchanga amekufa kwenye mtego shambani. Mwili huo ndio ulioipa maabara kazi. Sura ilisema ni ndugu wa mangabe. Vinasaba vikasema ukoo wake uko karibu na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923.

Angalia mtiririko: mwindaji alitoa jina, mkulima alitoa mwili, mlima ulitoa ukoo. Sayansi ilitoa Kilatini. Tusiibeze, bila maabara tusingejua kwamba sura ilitudanganya. Lakini ukiandika "tumegundua", weka penseli chini kwanza, uhesabu "tu-" hiyo ina watu wangapi.

Hatua ya 8: Rudi

Hatua hii haimo kwenye miongozo mingine, ndiyo maana watafiti wengi huiruka. Makala imetoka. Mwishoni, kwa herufi ndogo, umewashukuru "wakazi wa eneo la utafiti", ambao inaonekana hawana majina. Mhariri ameridhika, msimamizi wako ameridhika.

Panda tena basi. Vaa zile buti, sasa zina adabu. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbwa watakukumbuka. Salimia kwa "Mugonile", kisha fika kwa yule mzee aliyekaa mtoni amekunja suruali. Atakukaribisha kiti, atakuletea ndizi, atauliza habari za wazazi. Halafu, akiwa anamenya, atauliza kama anayeulizia watoto waliosafiri:

"Mwanangu, wale inzi wangu walikutwa na nini?"

Usimpe grafu. Kama vichwa vilisema hakuna kitu, mwambie, "Hawakukutwa na kitu, tata." Ataushusha mkono hadi kwenye muundi, pale palipobaki alama, apasugue kidogo. "Ndaga," atashukuru, na kukuongezea ndizi.

Kama hukumbuki namba, lile daftari la penseli bado linasomeka.