Heshima kwa Wasioacha Nyayo

Mkazi wa Vugiri akituma kifurushi kwa basi kutoka Korogwe, hupewa risiti yenye namba. Ushamba ulioje! Malipo yake ya simu yakipotea, wataalamu wa mjini hawamsumbui kwa mambo hayo: ombi limepita kwenye vijiprogramu kadhaa vya winguni, kila kimoja kikaamka, kikachapa kazi, kikatoweka bila kutoa ushahidi.

Google walieleza Dapper, mfumo wao wa kufuatilia maombi, mwaka 2010. Amazon wakatangaza X-Ray, mfumo wa aina hiyohiyo, mwaka 2016. Watu wa haraka hao.

Wastaarabu hawalibandiki ombi utambulisho. Humwomba mteja asubiri saa 24, ingawa kijiprogramu cha kawaida cha Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha vijiprogramu hivyo, hakiruhusiwi kuzidi dakika 15 kila kinapoamka. Saa zinazobaki ni za kutafakari.