Sifa za Faili Lisilofutika

Faili lisilofutika ni lile ambalo mwenye kompyuta ameamua liondoke, nalo limeamua kubaki. Huchaguliwa, hubonyezewa kitufe cha kufuta, kisha kompyuta hujibu kwamba bado linatumika, au kwamba mtu aliyeinunua mashine kwa fedha zake mwenyewe hana ruhusa. Wengi huliita sumbufu. Lakini ndani ya mashine ambamo kazi ya miezi mitatu hupotea kwa kidole kilichoteleza, kitu chenye msimamo ni adimu, na haki yake ni kusifiwa.

Sifa yake ya kwanza ni uaminifu. Kwenye Windows, programu iliyofungua faili inaweza kulizuia lisifutwe mpaka iliachie. Linux hufuta jina papo hapo, huku programu iliyokuwa ikilisoma ikiendelea nalo chinichini. Windows haina unafiki huo. Barua ya maombi ya kazi inayogoma kufutwa mara nyingi ingali wazi kwenye Word, nyuma ya madirisha mengine, au Word yenyewe imeganda na haijaachia. Basi programu hufungwa. Ikikataa, hukatishwa kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa, inayofunguliwa kwa Ctrl, Shift na Esc. Ikishindikana, kompyuta huzimwa na kuwashwa. Pale Baleni, kisiwani Mafia, tiba hii ya mwisho inaweza kuletwa na umeme kukatika: kompyuta ya mezani isiyo na betri huachia kila ilichoshika, na fundi hadai hata shilingi. (Huondoka pia na barua ambayo haikuhifadhiwa, lakini shujaa hapimwi kwa majeruhi.)

Sifa ya pili ni ualimu. Kumfuata fundi kutoka Baleni ni kwenda Kilindoni, na akikosekana huko, ni kupanda chombo hadi Nyamisati na kuendelea Dar es Salaam. Nani atavuka bahari kwa sababu ya faili moja? Kijana wa steshenari hulazimika kufungua dirisha jeusi la amri na kugundua kwamba vifaa vyote vimo humo humo, bila kula bando: «takeown» ya kumpa umiliki wa faili, «icacls» ya kumpa ruhusa, «attrib» ya kuvua alama za kuficha na kuzuia. Hugundua pia kwamba Windows kwa kawaida huishia herufi 260 kwa njia nzima ya faili. Folda ya «Mitihani Mipya» iliyowekwa ndani ya «Mitihani Mipya», nayo ndani ya «Mitihani Mipya Sahihi», ikizidi kikomo hicho haiguswi mpaka zile za juu zipewe majina ya herufi moja moja.

Faili lisilofutika lina nasaba pia. CON, PRN, AUX, NUL na LPT1 ni majina ya vifaa yaliyotengwa tangu enzi za MS-DOS ya mwaka 1981: CON ni kibodi na skrini, LPT1 ni mlango wa printa. Faili likiitwa LPT1 kupitia njia ya uani, kompyuta hudhani inaambiwa ifute printa, ikakataa. Anayetaka kulitoa huandika «del», kisha \\?\ mbele ya njia kamili, na jina husomwa jinsi lilivyo.

Ukaidi huu ndio uliogeuzwa chanjo, na hapa hata wanaolichukia faili hilo hunyamaza. Conficker, kirusi kilichoibuka mwishoni mwa 2008, na ndugu zake wengi, walisafiri kwa flashi wakiacha faili liitwalo autorun.inf ili wajiendeshe flashi inapochomekwa. Mafundi wakatengeneza kwenye flashi folda yenye jina hilo hilo, na ndani yake folda nyingine iitwayo lpt1. Kirusi kikifika hukuta jina limeshachukuliwa, maana faili na folda haviwezi kushiriki jina mahali pamoja. Kikijaribu kuondoa folda, lpt1 inagoma. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima kujiendesha huko kwenye XP na Vista, lakini kompyuta isiyopata intaneti ilibaki na mlinzi wake huyo asiye na mshahara.

Daraja la juu kabisa la ukaidi ni flashi inayokaribia kufa. Chipu yake ikichoka, kidhibiti cha ndani huweza kuifunga isiandikwe tena: mafaili hufunguka, hunakilika, lakini hayafutiki, na hata ikifomatiwa kompyuta hulalamika kuwa imezuiwa. Kwanza huangaliwa kama ina swichi ndogo ya kufungia pembeni. Ikiwa haina, amri zote zilizotajwa ni bure. Yaliyomo hunakiliwa kwingine na flashi hustaafishwa. Ikiwa imebeba mitihani au mishahara ya watu, hupondwa kwa nyundo, ambayo haiombi ruhusa.