Namna ya Kuishinda Raundabauti: Mwongozo kwa Dereva wa Arua na Koboko

Dereva mwenzangu, njia panda ya kawaida haina ugomvi na mtu. Akiwepo trafiki na sare yake nyeupe, mkono ukipanda unasimama, mkono ukikuita unaondoka. Asipokuwepo, inabaki sheria iliyoyatangulia magari: mwenye nguvu mpishe. Trela la mafuta linaloelekea Oraba hupita mbele ya basi, basi mbele ya Probox, Probox mbele ya boda, boda mbele ya baiskeli ya mkaa, na mwenda kwa miguu hupita mwisho pamoja na maombi yake. Kila mtu anajua nafasi yake, na hakuna anayelazimika kufikiri.

Raundabauti, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huiita kipilefti, imekuja kuuvuruga utaratibu huo. Kanuni yake ni fupi kuliko salamu za asubuhi. Katika nchi inayoendesha kushoto, unazunguka kwa kufuata mshale wa saa, na unampisha aliye kulia kwako kwa kuwa yeye tayari yumo ndani. Basi. Haiulizi gari lako lina tani ngapi, wala bosi wako ni nani. Boda iliyobeba godoro na mwenye godoro juu yake ikishaingia, trela linaisubiri. Dereva mwenye hadhi yake hawezi kuvumilia jambo la namna hiyo, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

1. Ingia kwanza, tazama baadaye

Ukikaribia, usikanyage breki. Piga honi moja ndefu kisha uingie. Kulia usitazame kabisa, maana mkikutana macho na mtu utakuwa umekubali kwamba yupo.

Mbinu hii ina historia ya kuheshimika. Waingereza walizijenga raundabauti kwa miongo kadhaa bila ya kukubaliana nani ampishe nani. Aliyekuwa anaingia alimziba aliyekuwa anatoka, aliyekuwa anatoka alimziba wa nyuma yake, na mduara mzima ukakwama. Novemba 1966 wakaandika sheria kwamba anayeingia ampishe aliye kulia kwake, na magari yakaanza kusogea. Kazi yako wewe ni kuturudisha mwaka 1965. Ukihitaji mfano wa kisasa, nenda Paris: kwenye mduara wa Arc de Triomphe, anayeingia ndiye mwenye haki hadi leo, na aliyemo ndani ndiye anayesimama.

Mkishafungana, zima injini, toa kichwa dirishani, mwambie mwenzako kwa adabu, "Mzee, rudi nyuma kidogo." Ana magari sita nyuma yake na la mwisho lina mbuzi juu ya keria. Hilo si lako. Adabu umeshaonyesha.

2. Tunza siri ya safari yako

Indiketa ya kulia unapozunguka, ya kushoto unapokaribia kutoka: hivyo ndivyo wanavyofundisha. Lakini ukiwasha hiyo ya kushoto, anayesubiri pembeni atajua kwamba unatoka, ataingia, na nafasi itakuwa imetumika bila faida kwako. Mwache akae akikisia.

Kama unaenda moja kwa moja, washa taa za dharura zote mbili. Maana yake ni kwamba huendi kulia wala kushoto, na pia kwamba gari limeharibika, na pia kwamba umembeba mheshimiwa. Mwenye kuziona achague. Kwa waendesha boda, indiketa ni mguu wa dereva au mkono wa abiria. Abiria akiwa ameshika kuku mkono mmoja na simu mkono wa pili, safari inaendelea kwa kudra.

3. Kipuuze kisiwa

Kile kisiwa cha katikati hakikuwekwa ili kubeba mabango ya kampuni za simu, ingawa hiyo ndiyo kazi tunayoiona. Kimewekwa ili ukunje usukani. Ukikunja utapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo, hata mkigongana mtakwaruzana mbavu badala ya kukutana uso kwa uso. Zamani, kabla ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra hadi Oraba, kazi hiyo ilifanywa na mashimo, tena bila malipo.

Wahandisi wana hesabu wanayojivunia. Njia panda ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kukutana kwa shari, na raundabauti ya mstari mmoja ina 8. Jukumu lako ni kuzirudisha zile 24 zilizopotea. Ni rahisi. Ukitaka kukata kulia na wewe ni boda, usihangaike kuzunguka: kata papo hapo, kinyume cha wanaokuja. Utaokoa mita chache na watu watapata la kusimulia. Steji ya boda iwekwe kwenye mdomo wa kutokea, ili anayetoka akute pikipiki ishirini zinamgombea abiria mmoja. Mama wa chapati naye asogee karibu zaidi, maana biashara inataka watu, na watu wamesimama hapo wanasubiri njia.

4. Mwonyeshe mgeni kwamba huku ni kwetu

Hapa West Nile tuna bahati ambayo madereva wa Kampala hawana. Koboko imekaa karibu na pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapopakana, na nchi zote mbili jirani zinaendesha kulia. Kaya, ng'ambo ya mpaka upande wa Sudan Kusini, haikuwa hivyo tangu zamani. Sudan, ilipokuwa bado nchi moja, ilihamia kulia mwaka 1973, kwa hiyo wazee waliokuwa wakipeleka mizigo huko kabla ya hapo walivuka mpaka bila kubadili upande.

Tena sisi wenyewe tuliponea chupuchupu. Nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki Desemba 1909, ikaenda Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 kipande chetu kikaletwa Uganda. Lau mzee yule angeweza kuwaachia warithi wake, leo Arua nzima ingekuwa inazunguka upande wa pili, na bado tusingepishana.

Sasa mtazame dereva aliyetoka Aru ya Kongo au Yei ya Sudan Kusini asubuhi hiyo hiyo, usukani wake uko kushoto, amefika mbele ya mduara. Amesimama. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama tena kulia, anasubiri hadi pawe wazi, kisha anaingia polepole. Amefanya kila kitu sawasawa, kwa sababu anaogopa. Mpigie honi. Mwambie, "Kaka, umelala?" Baada ya wiki moja atakuwa amezoea na kuendesha kama sisi.

5. Heshimu ngazi

Kuna Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu kuliko mlingoti wa bendera. Zinaenda Bidibidi au Rhino Camp, zina mkutano saa tatu, na wakimbizi hawawezi kukutanishwa kwa kuchelewa. Zipishe. Kuna msafara wenye king'ora na bendera. Upishe huo hata kama ni gari moja tu. Kuna basi la usiku lililotoka Kampala, dereva wake amemeza kilomita karibu mia tano na hana tena nafasi tumboni kwa ajili ya kanuni. Lipishe na hilo. Orodha ikiisha, utagundua kwamba umejenga upya ile njia panda ya zamani, ila sasa ni ya duara.

6. Ikishindikana kabisa, mwite afande

Asimame katikati, awasimamishe walio ndani ili walio nje waingie. Kanuni itakuwa imepinduliwa, lakini nyuso zitakunjuka. Kampala hufanya hivyo kila jioni. Nairobi walikwenda mbali zaidi: mwaka 2015 Gavana Evans Kidero aliweka mapipa kwenye raundabauti za Uhuru Highway ili kuzuia magari kukata kulia. Mapipa yakapewa jina lake, na wananchi wakapata cha kucheka kwenye foleni.

Usishangae kwamba tunafarijika afande anapofika. Mduara wenyewe hatuuchukii. Tunachochukia ni kuachiwa tuamue wenyewe, halafu uamuzi wenyewe uwe kumpisha mtu mdogo kuliko sisi. Kwenye njia panda, nikisimama nimesimamishwa na serikali, au na tani thelathini za chuma, na hakuna aibu katika hilo. Kwenye raundabauti, nikisimama nimesimama kwa ajili ya mwenye boda ya kukodi, mchana kweupe, mbele ya watu wanaonifahamu.

7. Tahadhari: ugonjwa wa kuzoea

Mwongozo huu unahitaji kutumiwa kila siku bila kukosa. Marekani walizembea. Watafiti waliwauliza madereva wa Kansas, Maryland na Nevada kabla ya raundabauti kujengwa kwao, na asilimia 31 tu walizikubali. Zilipojengwa na watu wakazitumia, waliozikubali wakawa asilimia 63. Hakuna aliyewahubiria. Walipishana mara chache, wakaona wanafika mapema, wakanyamaza.

Hatari hiyo ipo hata hapa. Siku moja, kwa bahati mbaya au kwa uchovu, utampisha mtu. Naye, kwa mshangao, atampisha wa nyuma yako. Foleni itayeyuka, afande atakaa kivulini, na utafika Koboko ukiwa huna kisingizio cha kuchelewa. Ikitokea hivyo, usimwambie mtu. Jitibu kwa hatua ya kwanza, asubuhi na jioni.

Toleo la Kaya na Aru: kwa watakaovuka mpaka na kitabu hiki mkononi, palipoandikwa kulia pasomeke kushoto, na palipoandikwa kushoto pasomeke kulia. Palipoandikwa usimtazame mtu pasomeke hivyo hivyo.