Barua ya Wazi kwa Wafadhili wa Demokrasia: Njooni Msome Mapato na Matumizi

Kwa Wadhamini, Wakurugenzi na Maofisa Miradi wa mifuko yote inayotoa ruzuku za kuimarisha ushiriki wa wananchi na demokrasia ya mitaani, Afrika Mashariki.

YAH: MWALIKO WA KUHUDHURIA MKUTANO MKUU WA KIJIJI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza wananchi wanashukuru. Kwa zaidi ya miaka ishirini wamejengewa uwezo, na wapo waliojengewa mara tatu, na mashirika matatu, katika ukumbi uleule. Wamepata fulana, kofia na mikoba yenye nembo ya mradi, na kuna vijiji ambako mtu anajua zaidi jina la ubalozi lililochapishwa mgongoni mwake kuliko jina la diwani wake.

Kwa wadhamini ambao hawajapata kuhudhuria warsha wanayoilipia, ni vema wakaelezwa inavyokwenda. Ratiba inasema saa tatu kamili, kazi inaanza saa nne na nusu, baada ya chai. Mwezeshaji anasimamisha bango kitita na kuwaomba washiriki wataje matarajio yao. Tarajio la kwanza, ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandika, ni posho. Karatasi ya mahudhurio inazunguka: jina, jinsia, umri, namba ya simu, sahihi. Mchana inazunguka nyingine, hiyo ni ya nauli, na sahihi za mara ya pili huwa zinasomeka vizuri zaidi. Katikati ya hayo mzee mmoja ananyanyuka na kuuliza fedha za kumalizia zahanati ziliishia wapi. Ukumbi unatulia. Mwezeshaji anamshukuru kwa swali zuri, analiandika kwenye karatasi ya maswali yatakayojibiwa baadaye na kuibandika ukutani. Jioni, baada ya picha ya pamoja, karatasi zote zinakunjwa na kuingizwa kwenye gari.

Mzee yule anahesabiwa. Kwenye ripoti ya robo mwaka anatokea kama mshiriki mwanamume, zaidi ya miaka 60, mnufaika wa moja kwa moja.

Ofisa mradi asilaumiwe peke yake, kwa kuwa anajaza jedwali alilopewa. Jedwali hilo, logfremu, lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya sitini kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na Leon Rosenberg wa kampuni ya ushauri ya Fry Consultants, ili USAID iweze kueleza miradi yake ilikusudia nini na imezaa nini. Ni chombo kizuri kwa anayejenga daraja. Demokrasia ya kijiji ina tabia mbaya ya kutotulia ndani ya visanduku, lakini maombi ya ruzuku bado yanadai visanduku hivyohivyo. Kimoja, upande wa kulia kabisa, wasomaji wengi hukiruka. Ni safu ya dhana na hatari, na humo ndimo waandishi wa maandiko huandika, kwa mkono uliokwishazoea, kwamba Serikali itaendelea kutoa ushirikiano.

Nchini Uganda ushirikiano huo ulikuwa na tarehe ya mwisho. Democratic Governance Facility, mfuko wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2011 na Umoja wa Ulaya na nchi kadhaa, zikiwemo Denmark, Ireland, Uholanzi na Norway, ulikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa asasi za haki na utawala bora nchini humo. Tarehe 2 Januari 2021, siku 12 kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Museveni aliandika barua ya kuusimamisha. Katikati ya 2022 zuio liliondolewa, na mwaka huo ulipoisha mfuko nao ukafungwa. Asasi zilizokuwa zikiwafundisha wananchi kuwawajibisha viongozi zikabaki zikiutafuta zenyewe uwajibikaji huo, bila mshahara.

Tanzania ina mfano wenye mafunzo zaidi, na ni wa haki kuusimulia kwa kirefu kwa sababu unawapa wafadhili sifa. Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilianza utafiti wa Sauti za Wananchi. Kaya zipatazo 2,000 zilipewa simu ya mkononi na chaja ya sola, kisha zikawa zinapigiwa simu mara kwa mara: maji mnachota wapi, zahanati ina dawa, mtoto anasoma nini, kiongozi yupi anawaridhisha. Hapakuwa na ukumbi wala bango kitita. Mtu alijibu akiwa shambani, au akiwa ameketi barazani kwake.

Julai 2018 matokeo ya awamu mojawapo yalitangazwa. Walioridhika na utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakawa 71 mwaka 2017, na sasa walikuwa 55. Rais yeyote wa Ulaya angeshangilia hiyo 55 kwa fataki. Hapa Tume ya Sayansi na Teknolojia iliandika barua ikitaka maelezo kuhusu kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi mtendaji wa Twaweza, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na Uhamiaji. Septemba mwaka huohuo Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kusambaza takwimu zinazokinzana na zile rasmi ni kosa la jinai. Mwaka uliofuata kifungu hicho kililegezwa.

Wafadhili wanaombwa wakiangalie kisa hiki kwa jicho la mhasibu. Simu na chaja, fedha ndogo hizo, ziliwafikisha wakulima na mama lishe kwenye meza ambako diwani wao hajawahi kukaribishwa. Na ni nadra warsha kumponza mtu hadi anyang'anywe pasipoti. Kama kuna kiashiria kinachokosekana kwenye majedwali yenu, ni hicho: ruzuku hii ilimkera nani?

Serikali nazo zisijipongeze. Kenya ilitunga Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, Rais akaitia sahihi Januari 2013, halafu ikakaa kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Miezi miwili baadaye Rais Ruto, akiwa Nakuru, aliutaja mfuko wa Ford Foundation kwa jina, akiuhusisha na vurugu za maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Serikali yake ikauandikia barua kutaka maelezo. Mfuko ukajibu kwamba haukuyafadhili maandamano hayo.

Huenda jibu hilo liliwauma maofisa miradi kuliko tuhuma yenyewe. Miaka yote hiyo walikuwa wakitafuta ushiriki wa vijana katika bajeti, na siku ulipofika haukuwa na nembo ya mtu. Vijana waliusoma mswada wenyewe kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakaufafanua usiku kucha kwenye mijadala ya sauti ya mtandao wa X, wakachangishana kwa simu mamilioni ya shilingi za matibabu na mazishi. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia bungeni. Wengine walipigwa risasi na kufa siku hiyo. Kesho yake Rais akatangaza kwamba mswada hatautia sahihi. Hakuna andiko la mradi lililotabiri hivyo, na lingetabiri lisingepitishwa.

Hata hivyo Nairobi inamkumbuka mfadhili mmoja aliyefaulu, ingawa kwa bahati. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetokea Karachi, aliupa mji bustani mwaka 1906, akaweka humo sanamu ya Malkia Victoria. Kwa vipimo vya leo mradi ule umefeli vibaya, maana lengo lake lilikuwa kumtukuza Malkia. Kilichopatikana ni mabenchi na vivuli katikati ya jiji, mahali ambapo Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana tangu miaka ya tisini: makanga, mafundi, mawakala na wasio na kazi wakibishana juu ya katiba, bei ya unga na wizi wa ardhi, bila kadi ya mwaliko. Mwaka 1991 palipotokea mpango wa kujenga juu ya bustani hiyo, mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kuupinga, na bustani ikabaki. Ni zaidi ya karne sasa, na hakuna aliyeombwa ripoti ya robo mwaka.

Linganisheni na Januari 2025. Rais mpya wa Marekani alisaini agizo la kusitisha misaada ya nje, na tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Wapiga kura wa Marekani walikuwa na haki ya kuamua kodi yao iende wapi. Lakini miradi iliyofutwa ilikuwa imejaa neno umiliki: umiliki wa jamii, umiliki wa wananchi. Siku ya kufutwa hakuna mmiliki hata mmoja aliyeulizwa.

Haki itendeke: wapo kati yenu walioanza kubadilika. Ford yenyewe, kupitia mpango wake wa BUILD, ilitenga dola bilioni moja kwa ruzuku za miaka mitano zisizobana matumizi. Bilionea wa Marekani, MacKenzie Scott, amegawa zaidi ya dola bilioni 17, nyingi kwa mashirika ambayo hayakuandika hata ukurasa wa maombi. Ni nafuu kubwa kwa asasi. Mzee wa zahanati, hata hivyo, bado hajui amuulize nani.

Ndiyo sababu ya mwaliko huu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, wanaochaguliwa kila baada ya miaka mitano. Kila robo mwaka mkutano unapaswa kuitishwa, na mapato na matumizi yasomwe. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na katika vingi malalamiko ni yaleyale: hesabu hazisomwi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulipoisha, chama tawala kilikuwa na zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa mapema. Kazi ipo, tena nyingi.

Lakini anayefundisha uwazi aonje uwazi. Mwenyekiti wa kijiji, pamoja na kasoro zake, alipigiwa kura na mtu fulani. Nyie wadhamini mlichaguliwa na nani, na muda wenu unaisha lini? Katika kila shilingi mia ya ruzuku ya ushiriki wa wananchi, ngapi zilivuka makao makuu ya mkoa, na ngapi zilibaki kwenye hoteli, tiketi na mshauri elekezi? Na kwa nini tathmini ya mradi uliofanyika kwa Kiswahili imeandikwa Kiingereza, kurasa themanini, na nakala yake haijawahi kufika kwenye ofisi ya mtendaji?

Mkija, leteni hesabu za mradi mmoja tu, kwa Kiswahili na kwa shilingi. Posho haitakuwepo. Maswali yatakuwa magumu, na yatajibiwa hapohapo. Zikitokea fedha za ziada, kuna matumizi yasiyohitaji ukumbi: karatasi na gundi za kubandika hesabu za kijiji kwenye ubao wa matangazo, nauli ya mwandishi wa redio ya wilaya kwenda kwenye kikao cha baraza la madiwani, ada ya wakili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji George Odunga, ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walalamikaji wachache na jaji mmoja walifanya kazi ambayo semina mia zisingeifanya.

Majibu yapelekwe kwa mtendaji wa kijiji kabla ya robo mwaka kwisha. Safari ikiwashinda, tumeni hesabu zenyewe, wananchi watazisoma.